Amanda Hocking na Mtoto wa Kubadilishwa

Riwaya ya Switched inafunguka siku ya kuzaliwa. Wendy Everly anatimiza miaka 6, na kabla ya siku hiyo kwisha mama yake mzazi amemshambulia kwa kisu. Kaka yake, Matt, ndiye anayewahi kumwokoa. Mama anapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na huko anakaa miaka akishikilia neno lake lilelile: kwamba mtoto yule si wake, kwamba yeye alijifungua mtoto wa kiume, na kwamba huyu aliyeletewa ni zimwi. Miaka 11 baadaye Wendy, msichana mkorofi anayefukuzwa skuli moja baada ya nyingine, anatokewa dirishani na kijana aitwaye Finn Holmes. Kutoka kwake anapata habari ambayo hakuna mtoto angependa kuisikia. Mama yake hakuwa mwendawazimu. Alisema kweli.

Msomaji wa mwambao aliyelelewa na hadithi za mazimwi atatambua mara moja kilichofanywa hapa. Katika hadithi za bibi, zimwi huja kumla mtoto. Hapa zimwi ni mtoto mwenyewe, tena ndiye msimuliaji, na msomaji ameshampenda kabla ya kujua ni nani. Fungu hili la kwanza lina nguvu ambayo riwaya nyingi za vijana zilizotoka Marekani katika miaka ile hazikuwa nayo, na lingetosha kumfanya mhariri yeyote mwenye macho asite kuurejesha mswada. Miswada ya mwandishi huyu, hata hivyo, ilirejeshwa mmoja baada ya mwingine.

Amanda Hocking alizaliwa mwaka 1984 katika jimbo la Minnesota, na mji wake ni Austin, mji mdogo wenye watu wapatao 25,000 ambao umaarufu wake wote umesimama juu ya kampuni ya Hormel na ile nyama yake ya kopo iitwayo Spam. Ana hata makumbusho yake nyama hiyo. Hocking alipokuwa na miaka 17 alimaliza riwaya yake ya kwanza, akaipeleka kwa mawakala na wachapishaji wapatao 50. Wote waliikataa. Aliendelea kuandika huku akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia watu wenye ulemavu mkubwa, mchana kazini, usiku kwenye kompyuta, na ulipoingia mwaka 2010 alikuwa na riwaya 17 ambazo hakuna aliyezitaka. Barua za kukataa ziliendelea kuja hadi Februari ya mwaka huohuo.

Jambo moja katika maisha hayo ya uandishi halipendi kusemwa na wale wanaoyasimulia kama ngano ya yatima aliyepata ufalme. Mnamo mwaka 2009 Hocking aliacha kuandika kama mtu anayesubiri bahati, akaanza kuandika kama mtu anayefanya biashara. Alikwenda katika duka la Walmart akasimama mbele ya rafu za vitabu, akatazama nini kinanunuliwa. Alichokiona ni mapenzi na mambo ya ghaibu. Twilight ya Stephenie Meyer, iliyotoka mwaka 2005, ilikuwa imewafanya wanyonya-damu kuwa wachumba wa ndoto za wasichana wa Marekani, na kila rafu ilikuwa imefuata mkondo huo. Hocking naye aliufuata. Riwaya zake za ghaibu ziliandikwa kwa kasi ya ajabu, nyingine kwa wiki mbili tatu tu.

Je, mtu aandikaye kwa kutazama rafu ya duka ni mwandishi au ni mchuuzi? Swali hili huulizwa kwa haraka mno na wapenda fasihi, na aghalabu huulizwa kwa dharau. Mshairi aliyetungiwa mada na bwana wa harusi, naye akatunga wimbo ukaimbwa ukumbi mzima ukaitikia, hakuacha kuwa mshairi kwa sababu aliagizwa. Neno la kuulizwa ni alichokitia ndani ya chombo alichopewa. Na ndani ya chombo cha Walmart Hocking alitia kitu ambacho hakikuwamo rafuni.

Kabla ya kufika huko, njia yenyewe ielezwe, maana ndiyo iliyomfanya ajulikane na ndiyo iliyoacha alama zake ndani ya maandishi. Mwezi Aprili 2010 Hocking alitaka kwenda Chicago kutazama maonyesho ya vikaragosi vya Jim Henson, na mfukoni hakuwa na dola 300 alizozihitaji. Akafikiri kwamba akiviweka vitabu vyake kwenye duka la mtandaoni la Amazon, kwa ajili ya wasomaji wa kifaa cha Kindle, huenda hadi Oktoba akazipata fedha hizo kutoka kwa jamaa na rafiki. Cha kwanza kilikuwa My Blood Approves. Siku za mwanzo viliuzwa vichache vya kuhesabika kwa vidole. Akaongeza kitabu cha pili, akaongeza cha tatu, akawapelekea nakala wasomaji waliokuwa na mazoea ya kuandika maoni yao kwenye kurasa zao za mtandaoni. Kufika Juni hesabu zilikuwa za maelfu. Katika muda wa miezi 6 aliotarajia apate dola 300 alikuwa amepata 20,000. Mwezi Januari 2011 peke yake viliuzwa vitabu zaidi ya 450,000, na katika muda wa kama miezi 20 tangu alipoanza, jumla ilifika takriban nakala milioni 1.5 na kipato cha dola milioni 2.5.

Tarakimu hizi zimerudiwa sana, na haziambii kitu juu ya ubora wa sentensi hata moja. Linaloambia kitu ni bei. Hocking aliweka kitabu cha kwanza cha kila mfululizo kwa senti 99, na vilivyofuata kwa dola 2.99. Kuanzia katikati ya mwaka 2010 Amazon ilimlipa mwandishi asilimia 70 ya bei kwa kitabu cha kati ya dola 2.99 na 9.99, na asilimia 35 kwa kilicho chini ya hapo. Kwa hiyo kitabu cha kwanza kilimletea senti 35 hivi, na cha pili kilimletea kama dola 2. Cha kwanza kilikuwa chambo. Faida ilikuwa katika cha pili na cha tatu. Mwandishi wa aina hii hana ruhusa ya kumaliza hadithi katika juzuu la kwanza. Lazima mlango ubaki wazi na msomaji abaki na hamu, tena hamu ya usiku uleule, kwa kuwa kitabu kinachofuata kiko umbali wa kubonyeza kidole. Atakayeisoma Switched bila kuijua hesabu hii atashangaa kwa nini riwaya inaanza kwa kishindo kile, inalegea katikati kama mtumbwi uliokosa upepo, kisha inakurupuka tena kurasa za mwisho. Atakayeijua hatashangaa.

My Blood Approves, riwaya iliyomtoa Hocking kwa umma, haina haja ya kukaliwa sana. Msichana wa miaka 17, Alice Bonham, anaishi Minneapolis na mdogo wake Milo. Anakutana na Jack, mnyonya-damu mcheshi, kisha anagundua kwamba damu yake imeandikiwa mwingine, Peter, ndugu wa Jack katika nyumba ileile. Damu inataka huku, moyo unataka kule. Wazo si baya, na lugha ya Alice ina uchangamfu wa msichana aliyechoka na nyumbani. Lakini kivuli cha Twilight ni kirefu mno juu ya kitabu hiki. Msomaji anaweza karibu kuonyesha kwa kidole ni rafu ipi ya duka iliyomzaa kila mhusika.

Switched ni habari nyingine. Humo Hocking aliwaacha wanyonya-damu, akaenda kwa mazimwi wa Skandinavia, na hapo akawa nyumbani kweli. Minnesota ilijazwa na wahamiaji kutoka Sweden na Norway katika karne ya 19, na majina anayoyatumia mwandishi si ya kubuni hewani. Trylle, jina la kabila la Wendy, ni neno la Kinorwe na Kidenmarki lenye maana ya kufanya uchawi. Vittra, jina la maadui zao, ni la viumbe wa ghaibu katika imani za kaskazini ya Sweden. Förening, mji wa siri wa Trylle uliofichwa ndani ya Minnesota, ni neno la Kiswidi la chama au umoja. Na ile imani ya kwamba mazimwi huiba mtoto kitandani na kumlaza wao mahali pake, ni imani ya kale ya wakulima wa nchi hizo, iliyokuwa ikiwafanya mama wachanga wakeshe.

Sasa litazamwe alilolifanya Hocking na imani hiyo. Katika ngano za kale, sababu ya mazimwi kubadilisha watoto haielezwi sana. Ni uovu tu, au wivu. Hocking anatoa sababu, na sababu yenyewe ni ya fedha. Trylle wa tabaka la juu hawafanyi kazi. Mtoto wao anapozaliwa humpeleka katika nyumba ya binadamu tajiri, akalelewa kwa mali ya watu, akasoma kwa mali ya watu, akarithi. Akishakuwa mtu mzima, mfuatiliaji kama Finn hutumwa kumrejesha kwao pamoja na urithi wake. Watoto ndio mtaji. Ikulu ya malkia Elora, mama mzazi wa Wendy, na zile karamu na zile nguo, vyote vimejengwa kwa fedha zilizochumwa na watoto ambao hawakuulizwa. Na mtoto wa binadamu aliyechukuliwa ili kumpa nafasi huyo mgeni? Huyo hulelewa Förening akiwa na jina la mänsklig, yaani wa kibinadamu, si mtumwa na si mwana, aliyepewa chakula na kunyimwa ukoo. Katika kitabu hiki anaitwa Rhys, naye ndiye yule mtoto wa kiume aliyeliliwa na mama aliyeitwa kichaa.

Hili ndilo jambo jipya katika Switched, na ni kubwa. Mwanamke aliyelipwa mshahara mdogo kwa kuwaogesha na kuwalisha watu wasiojiweza, katika mji wa kiwanda cha nyama, aliandika juu ya waungwana wanaowaweka watoto wao katika nyumba za watu kama mtu awekavyo akiba benki, wakarudi kuichukua na faida. Wakala aliyesoma kurasa tatu na kurejesha mswada kwa barua ya mistari miwili hakuliona. Lakini, na hapa ndipo penye uchungu wa habari nzima, mwandishi mwenyewe naye hakulishikilia.

Elora anapomweleza Wendy mpango huo wa urithi, msomaji anangoja mtikiso. Msichana amegundua kwamba mapenzi ya Matt, kaka aliyeacha ujana wake ili amlee, yalikuwa sehemu ya hesabu za watu wengine. Kinachokuja badala yake ni Finn: Finn amekasirika, Finn amenyamaza, Finn hawezi kumpenda binti mfalme kwa kuwa yeye ni wa tabaka la chini, Finn ameingia chumbani, Finn ametoka. Kurasa kadhaa zinakwenda kwa matayarisho ya sherehe ya kumtambulisha Wendy kwa watu wake. Katika Torn na Ascend, vitabu viwili vinavyofuata, suala la watoto wa kubadilishwa linaguswa tena, na Wendy anaonyesha nia ya kurekebisha mambo. Hata hivyo mengi yanasemwa kwa mdomo, kati ya shambulio moja la Vittra na jingine, ilhali moyo wa masimulizi uko katika kujua ni nani atakayemwoa. Rhys, ambaye angeweza kuwa mhusika wa kukumbukwa miaka na miaka, anakuwa kijana mzuri mwenye pikipiki.

Kwa nini ikawa hivyo? Wako wasemao ndiyo gharama ya kujichapishia: hakuna mhariri, kwa hiyo hakuna wa kumzuia mwandishi. Usemi huu una ukweli nusu. Hocking hakudharau uhariri. Alitafuta watu akawalipa, na bado makosa ya tahajia na ya maneno yalibaki ndani ya vitabu, na wasomaji wakamwandikia kulalamika, na yeye mwenyewe akalalamika zaidi yao. Lakini makosa ya tahajia si kitu. Mtu yeyote mwenye subira huyaondoa. Alichokosa Hocking ni mtu wa kumwambia: hapa, penye urithi, kaa, usiondoke. Mawakala 50 hawakumwambia hivyo, kwa kuwa barua ya kukataa haina mafunzo yoyote ndani yake. Wasomaji walionunua kwa senti 99 hawakumwambia hivyo pia, kwa kuwa walichotaka ni Finn, na walimwambia kwa njia iliyo dhahiri kuliko zote, yaani kwa kununua kitabu cha pili.

Wapenzi wa ushairi wanajua kwamba kukosa mchapishaji si lazima kuwe kukosa mhakiki. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalizagaa Mombasa midomoni mwa watu mapema katika karne ya 19, na kitabu chake, Diwani ya Muyaka, hakikutoka hadi mwaka 1940, miaka 100 baada ya kufa kwake. Lakini Muyaka alikuwa na kitu ambacho Hocking hakuwa nacho katika chumba chake cha Austin: wapinzani. Alitunga akijua kwamba atajibiwa, tena atajibiwa na mjuzi, na kwamba ubeti uliolegea utachukuliwa na kugeuzwa dhidi yake mbele ya mji mzima. Hiyo nayo ni aina ya uhariri, na ina makali kuliko ya ofisini.

Mwezi Machi 2011 wachapishaji waliokuwa hawamtaki Hocking walimgombania kwa mnada. St. Martin's Press ya New York ilishinda kwa zaidi ya dola milioni 2, kwa mfululizo mpya wa vitabu 4 ulioitwa Watersong. Hocking alikuwa na miaka 26. Kwa bahati ya ajabu, mwezi huohuo mwandishi wa riwaya za ujasusi Barry Eisler alitangaza kwamba ameikataa nusu milioni ya dola kutoka kwa mchapishaji huyohuyo ili ajichapishie mwenyewe. Mmoja anaingia mlangoni, mwingine anatoka. Magazeti yalifurahia, na waliokuwa wamemfanya Hocking bendera ya uhuru wa waandishi walimwona amewasaliti.

Sababu alizozitoa mwenyewe ni za mtu aliyechoka, na zinastahili kusikilizwa na kila anayedhani kujichapishia ni kuketi na kungoja hundi. Alieleza kwamba wiki yake ilikuwa ikimezwa na barua pepe, na usanifu wa majalada, na mpangilio wa kurasa, na kutafuta wahariri. Saa 40 na zaidi za kazi ambayo si kuandika. Alitaka awe mwandishi, akajikuta amekuwa shirika. Huku kwetu mfano wa karibu ni Ben R. Mtobwa, aliyeanzisha Heko Publishers jijini Dar es Salaam na kuchapishia humo riwaya zake. Yeye alilikubali shirika na akalibeba pamoja na kalamu. Si kila mtu ana mabega hayo, na si aibu kusema hivyo.

Linalomhusu mhakiki zaidi ni kilichotokea baada ya mkataba, pale kitabu kilipopata hatimaye kile kilichosemwa kwamba kilikikosa. Switched, Torn na Ascend zilitoka upya chini ya St. Martin's kati ya Januari na Aprili 2012, zikiwa na majalada ya kupendeza, lugha iliyosafishwa, na kila kimoja kikiongezewa hadithi fupi mwishoni. Koma zilirudi mahali pake. Sentensi zilizokuwa zikijikwaa zilisimama. Na yale mapengo? Yalibaki vilevile. Finn aliingia na kutoka kama kwanza, na urithi ukapita haraka kama kwanza. Wala haikuwezekana kuwa vinginevyo. Mchapishaji alinunua kitu kilichokwishathibitishwa na mamia ya maelfu ya wanunuzi. Nani angethubutu kuvunja ukuta ndani ya nyumba iliyokwishauzwa? Mhariri wa kweli ana kazi wakati mswada ungali udongo mbichi. Huu ulimfikia ukiwa umechomwa.

Watersong ndiyo iliyokuwa nafasi ya kuanza upya pamoja na mhariri. Wake, kitabu cha kwanza, kilitoka Agosti 2012, na habari yake ingewavutia watu wa visiwani: wasichana wa baharini wenye sauti za kuua, waliotolewa katika ngano za Wayunani na kuletwa katika mji mdogo wa pwani ya Maryland, na dada wawili, Gemma anayeogelea usiku na Harper anayemlinda. Muundo wake ni imara kuliko wa Switched. Hakuna kurasa zinazolegea, kila tukio linazaa jingine, na mapenzi ya dada kwa dada yameshughulikiwa kwa utulivu ambao Hocking hakuwa nao kabla. Hapana shaka kwamba ni riwaya iliyotengenezwa vizuri zaidi. Na bado msomaji anaifunga bila ya kubaki na lolote la kumkosesha usingizi. Bahari yake ni nzuri kama ya picha ya ukutani, haina chumvi. Hakuna humo wazo lenye uzito wa lile la watoto wanaopandwa katika nyumba za matajiri, wazo lililomjia mwandishi alipokuwa peke yake, usiku, bila ya mkataba.

Kwa hiyo ni upungufu wa fikra kuuliza ipi kati ya njia mbili ilimfaa. Kwa njia ya kwanza aliachwa na wazo kubwa bila ya mtu wa kumshika mkono. Kwa njia ya pili alipewa mkono baada ya wazo kupita. Yeye mwenyewe hakulifunga kabisa duka lake la mwanzo: mwaka 2016 alijichapishia Swear, kitabu cha tano cha mfululizo wa My Blood Approves, kwa ajili ya wasomaji waliokuwa wakikidai tangu siku za Kindle, huku vitabu vyake vingine vikiendelea kutoka New York. Wengi waliomfuata katika uchapishaji binafsi wa riwaya za ghaibu wameiga bei yake na majalada yake na kasi yake. Wachache wameiga jicho lililoiona hesabu ya Elora.

Kurasa za mwisho za Switched ndizo za kurudiwa. Vittra wameshambulia, Finn ameondoka, na Wendy anaikimbia Förening usiku. Hakimbii peke yake. Amemchukua Rhys, na wanakwenda kwa Matt. Mlango unafunguliwa. Matt anamkumbatia msichana aliyemlea miaka 11, ambaye si wa damu yake, na kando yake amesimama kijana asiyemjua, mdogo wake wa tumbo moja. Matt hajaambiwa kitu bado. Hakuna maelezo marefu hapo, na hakuna zimwi. Tukio hili lilikuwamo katika toleo la mwaka 2010, pamoja na makosa yake ya tahajia.